Kumi na Sita, Kijivu

Alfajiri Kiptiget ni baridi
kama sufuria iliyolala nje.
Napindua jiwe, nalisoma upande wa chini,
upande ambao mto hauwaonyeshi wageni.

Yupo. Bapa kama mbegu ya boga,
kajibana asije akazolewa na maji.
Namsukuma kwa brashi hadi kwenye bakuli jeupe
lililobaki na harufu ya aiskrimu ya harusi ya Chemutut.

Hesabu kwanza, jina baadaye: ndivyo alivyoniachia Sigilai
pamoja na lensi yenye ufa na daftari la kikundi cha maji.
Mikia mitatu.
Kucha moja kila mguu; zikiwa mbili,
huyo ni jirani, si ndugu.
Matamvua ubavuni, jozi saba,
yanapepea hata bakuli likitulia,
kama pindo la mtandio wa mtu
anayejizuia kucheka msibani.

Yule mwembamba anayechupa kama dagaa ni ukoo mwingine.
Yule wa penye kasi, miguu ya mbele ina nywele
za kuchujia riziki inayopita.
Na yule kibete wa matopeni
hufunika matamvua yake kwa vifuniko viwili,
kama mama lishe na vitumbua vyake, vumbi lisiingie.
Wanne leo. Nawaandika A, B, Ch, D.

Maana jina hawana. Nimeuliza.
Sokoni Keringet wameniambia kumbikumbi wa maji.
Mwalimu wa bayolojia kasema wadudu, akaendelea kusahihisha.
Kamusi nimeifungua, imeninyamazia.
Trauti, aliyeletwa kwa meli angali yai,
ana jina, ana leseni,
ana ubao wa rangi pale darajani.
Huyu aliyekuwapo kabla ya daraja
hana hata jina la utani.

Jioni nikamchukulia mama mmoja mwenye mbawa,
ndani ya glasi iliyofunikwa kitambaa.
Mama alifunga chambo za manyoya kiwandani Kericho
miaka kumi na tisa, dazeni juu ya dazeni,
za kwenda nchi asizozijua
kuwahadaa samaki asiowaona.
Nilidhani naye atasema kumbikumbi.
Akavaa miwani. Akaigeuza glasi kwenye taa.

"Huyu ni kumi na sita," akasema. "Kijivu.
Uzi wa kahawia, mizunguko mitano, shingoni jogoo mwekundu.
Mkia nyuzi mbili. Ukiweka tatu
msimamizi anakukata shilingi."

Nikahesabu. Mbili.
Mtoni alikuwa na mitatu;
mmoja aliuacha huko pamoja na ngozi ya utotoni.

"Kumbe wapo," akasema mama,
taratibu, vidole vikizungusha uzi usiokuwapo.
"Mimi nilijua ni vitu vya kuchorwa tu."

Nikamweleza: hana kinywa cha kula,
hata ukimwekea asali.
Ana mbawa tayari, lakini atavua nguo mara moja tena,
kwani hizi za kijivu ni za safari, si za sherehe.
"Na baada ya sherehe?"
Hakuna baada, mama.
Akaitikia kwa koo, akaipunguza taa.

Asubuhi glasi ilikuwa na ngozi tupu,
nyepesi kuliko ganda la kitunguu,
mikia miwili mizima.
Dirisha wazi.
Kitambaa kando, kimekunjwa mara nne,
pembe juu ya pembe. Mikunjo ya kiwandani.

Nimeibandika ngozi daftarini kwa uji wa wimbi.
Chini ya daraja, baada ya mashamba ya viazi,
nimepindua mawe thelathini na moja;
safu hiyo bado ni nyeupe.
Lakini ya juu nimeijaza, kwa kalamu, si penseli:
A. Kumi na Sita, Kijivu.
Mahali: Kiptiget, jiwe la tatu kutoka kwenye mwanzi.
Aliyemtambua: Taprandich,
mfungaji, dawati la nne.